Bibi wa Tatu Hajawahi Kushindwa

Nagoya, 9 Aprili 2023

Kwa Bibi Murakoshi Itsuko,

Mvua ya juzi imemaliza maua yote ya micheri mtaani kwetu; naomba huko Matsue yawe yamebaki machache ya kukuburudisha. Naomba pia uniwie radhi kwa kukuandikia bila kutambulishwa na mtu.

Naitwa Nishiwaki Motohiko, nina miaka hamsini na mmoja, ni fundi wa lifti. Tangu ujana nakusanya gemu za zile mashine za mkononi za kioo cha kijani, hasa kaseti zilizotengenezwa bila kibali na kuuzwa kwa posta kupitia kurasa za nyuma za magazeti ya wanaume. Sasa naandika kitabu juu yake, na sura moja nzima ni ya "Mabibi Watatu", gemu ya watu wazima ya mchezo wa vigae wa mahjong, iliyotolewa Amagasaki mwaka 1991 na kampuni ya Bwana Tokunaga. Kaseti zilizobaki ninazozijua ni nne. Yangu niliiagiza mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa.

Unaijua, kwa hiyo sitaieleza sana. Unacheza na bibi wa kwanza, ukimshinda anavua. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu inatakiwa umshinde mara moja tu, na hakuna binadamu aliyewahi. Mimi mwenyewe nimecheza naye miaka thelathini na miwili.

Kwenye kioo cha mwanzo pameandikwa: "Picha na akili: Umeboshi", kama ile plamu ya chumvi ya katikati ya wali. Siku zote tuliamini Umeboshi ni Bwana Tokunaga mwenyewe. Lakini alipofariki nilinunua masanduku yake, na ndani nikakuta kadi ya Mwaka Mpya kutoka kwako, imechorwa plamu, na sahihi ni hiyo hiyo.

Nina maombi mawili. Picha zilizo ndani ya kaseti zimekunjwa kwa msimbo wa pekee ambao hatujaweza kuufungua. Naomba ufunguo wake. La pili: kwenye sanduku kulikuwa na bahasha iliyoandikwa "Wa tatu", na ndani picha ya mwanamke amevaa yukata, joho jepesi la hoteli, anacheka kwa nguvu. Ningependa kuzichapa pamoja, picha ya kamera na ya gemu. Je, unamjua ni nani?

Kwa heshima nyingi,
Nishiwaki Motohiko


Matsue, 15 Aprili 2023

Bwana Nishiwaki,

Barua yako imefika. Maua huku yamekwisha pia.

Umeboshi ni mimi. Nilichora wale mabibi kwa mkono huu, nukta kwa nukta, na akili yao ya kucheza niliiandika mimi. Marehemu Tokunaga hakujua kuchora hata yai. Hilo unaweza kuliandika kwenye kitabu chako kwa herufi kubwa.

Ufunguo sitoi. Bibi wa tatu hana picha. Nilichelewa, kaseti zikaenda kiwandani bila picha yake, ndiyo maana nikamfanya asishindike. Ulikuwa unakimbiza moshi miaka yote hiyo, pole.

Mwanamke wa kwenye bahasha simjui. Ichome.

Murakoshi Itsuko


Nagoya, 24 Aprili 2023

Kwa Bibi Murakoshi,

Nashukuru kwa jibu lako. Jina lako limekwisha kuingia kwenye sura, la Tokunaga limefutwa. Nimeona haya kwa niaba yetu sote tuliokosea.

Ila nitakuwa mnafiki nikinyamaza. Ndani ya kaseti kuna mafungu matatu ya picha, na la tatu ndilo kubwa kupita yote. Moshi haujazi nafasi namna ile. Rafiki yangu wa Sapporo ana mashine na ana subira. Anasema atakuwa amelikunjua kabla ya Oktoba kwisha, kwa ufunguo au bila ufunguo. Siwezi kumzuia, na sina hakika kama nataka kumzuia. Nimesubiri miaka thelathini na miwili.

Picha ya bahasha sijaichoma. Mtu anayecheka vile hachomwi.

Nishiwaki Motohiko


Matsue, 2 Mei 2023

Dada Fumiyo mpendwa,

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Kila Mwaka Mpya mimi nakutumia kadi ya kuchapwa na wewe unanitumia ya kuchapwa, mwaka wa sungura picha ya sungura, mwaka wa joka picha ya joka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuongeza neno la mkono. Kadi thelathini na moja. Nimezihesabu leo asubuhi kwa sababu nilikuwa natafuta njia ya kutokuandika barua hii.

Unaikumbuka safari ya kampuni ya vuli ya 1990, kule kwenye chemchemi za Kinosaki? Baada ya chakula wanaume walimwaga vigae kwenye meza ya chini, wakakosa mtu wa nne, na kwa utani wakamwita binti wa kupokea simu. Binti wa simu ulikuwa wewe, miaka thelathini na mitano, na ulimfunga Tokunaga mara tatu mfululizo mbele ya wafanyakazi wake wote. Ya tatu ulivilaza vigae mezani ukacheka hadi yukata ikakutoka begani. Yeye akachukua kamera akapiga. Sote tulidhani ni ukumbusho.

Jumatatu nilikuta bahasha mezani pangu. Akaniambia, "Huyu ndiye wa tatu. Mchore huyu huyu, uso wake, wateja wamvue. Tuone kama atacheka."

Dada, sikukataa. Mama yangu alikuwa kitandani, na mwanamke wa miaka thelathini na miwili anayejua kuandika programu alikuwa hapati kazi kwingine, unakumbuka ilivyokuwa. Nilikuchora. Nilikuchora vizuri, kwa sababu sijui kuchora vibaya. Halafu nikafanya jambo moja nililoliweza: nikahakikisha hakuna mtu atakayefika kwenye picha ile. Bibi wa tatu anaiba. Akishafika zamu ya tano, kigae anachokikosa anakitafuta ukutani, kwenye safu ya vigae ambavyo havijachukuliwa, na kukichukua mchana kweupe. Tokunaga mwenyewe alicheza wiki tatu akarusha mashine. Niliogopa ataniuliza, nami nikaogopa utaniuliza wewe, na Machi ya 1992 nikaacha kazi bila kukuaga.

Sasa kuna fundi lifti wa Nagoya anayeandika kitabu. Ana picha ya bahasha, na rafiki yake atakuwa na ile nyingine kabla ya Oktoba kwisha. Nimemdanganya haikufaa kitu. Niko tayari kwenda kwa wakili, niko tayari kwenda Nagoya kumpigia magoti. Niambie unataka nini.

Nimekukosea. Naomba msamaha, ingawa najua umechelewa.

Itsuko


Amagasaki, 20 Mei 2023

Itsuko,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikaa. Mara ya pili nilisimama. Ya tatu nilikuwa nimeshika mwiko na wali ukaungua, kwa hiyo una deni la sufuria pia.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Unajua kazi yangu ilikuwa nini mwaka mzima wa 1991? Simu. Unajua walipiga nani? Wanaume wa Japani nzima, wamekasirika kwamba bibi wa tatu hashindiki. Nami nikainama mbele ya simu, maana sisi hata mbele ya simu tunainama, nikisema: tunaomba radhi sana, mheshimiwa, tunaomba radhi kwa usumbufu wa bibi wa tatu. Mmoja wa Hiroshima alilia. Nilimbembeleza dakika ishirini. Kumbe nilikuwa najiombea radhi mwenyewe kwa kutovuliwa! Na wewe uliketi nyuma ya ubao wa mbao, hatua sita kutoka kwangu, ukisikia kila neno.

Tokunaga alikuwa mbwa, hilo halinishangazi. Mtu aliyefungwa mezani akalipiza na penseli ya mtu mwingine, mtu huyo ni wa kuhurumiwa. Kinachoniuma ni wewe. Uliondoka bila kwaheri nikajua umenidharau, kwamba msichana wa programu hana haja na mwanamke wa simu. Mume wangu alipokufa ulinitumia ubani na kadi ya kuchapwa. Nikasema sawa, hivyo ndivyo tulivyo. Miaka thelathini na mmoja nimekuwa na kinyongo na mtu asiyekuwepo.

Uso ni wangu. Bega ni langu. Aibu nayo, kama ipo, ilikuwa ni yangu niivae au niitupe. Wewe ukaichukua, ukaikunja, ukaifungia kabatini kwako kama nguo ya msimu, na hukuniuliza. Nani alikuambia ninaona haya? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha uchi wa mwenzio, sijui unategemea kuzaa nini.

Usiende kwa wakili. Usimpigie mtu magoti, utaumiza magoti bure. Yule fundi lifti usimwandikie hata nukta mpaka nikuambie.

Na unitumie hiyo gemu. Najua unayo. Wewe hutupi hata kamba ya bahasha.

Hamaguchi Fumiyo


Matsue, 4 Juni 2023

Dada Fumiyo,

Naituma kwa posta ya mkono kwa mkono, imefungwa kwenye taulo. Mashine ni yangu ya zamani, kitufe cha kulia kinagoma kidogo, kibonyeze kwa kucha. Nimeweka betri nne mpya na lenzi ya kukuzia, maana kioo ni kidogo na macho yetu si yale.

Nimekubali yote uliyosema. Sina la kujitetea. Hatua sita ni kweli, niliwahi kuzihesabu.

Ila usijisumbue kumshinda, dada. Nilimwandika mimi na mimi mwenyewe simwezi. Ukiniambia tu, nitakuchorea kwenye karatasi kilichomo, au nitakuandikia ufunguo ukitaka. Usipoteze siku zako kwa mwizi.

Nimekuwekea na pakiti ya nori, mwani mkavu wa huku.

Itsuko


Amagasaki, 11 Juni 2023

Itsu,

Nori nzuri. Ufunguo sitaki. Mimi sijawahi kuingia chumbani kwa mtu kupitia dirishani, sembuse kwangu.

Yule wa kwanza nilimmaliza kabla chai haijapoa. Maskini, anatupa vigae kama anafagia. Wa pili alinichukua siku mbili. Wa tatu amenifunga mara arobaini. Ana uso wangu, ni kweli, nilimtambua kwa pua. Kufungwa na uso wako mwenyewe mara arobaini si jambo dogo, lakini mimi nina kilabu.

Hujui kuhusu kilabu. Tangu baba watoto afariki nafundisha mahjong ya wazee, ghorofa ya pili juu ya duka la tofu: hakuna kuvuta sigara, hakuna pombe, hakuna kamari. Wanakuja thelathini na wawili, mkubwa ana miaka tisini na mbili, na kila mmoja ana namna yake ya kuiba. Bwana Kusuda anaiba kwa kukohoa. Mama Orito anaiba kwa kusimulia wajukuu. Mwizi simwogopi, namtazama tu mikono.

Fumiyo


Amagasaki, 17 Julai 2023

Itsu, mdogo wangu,

Nimemshinda.

Keti nikueleze. Nilicheza naye kila asubuhi baada ya kuanika nguo, mpaka ukingo wa lenzi ukanichora alama puani. Baada ya mara ya mia moja hivi niliacha kutazama vigae vyangu nikaanza kutazama vyake pale anapovilaza akishinda. Ndege. Mara ya kwanza ndege, ya pili ndege, ya kumi ndege. Daima anabakiza mkononi kigae kimoja chenye picha ya ndege na kumngojea mwenzake wa kukamilisha jozi. Kila mara, tangu vigae vinapogawiwa.

Nikaitua mashine mezani. Nikakumbuka mapumziko ya mchana, sisi wawili na wale wanawake wawili wa kufungasha maboksi, tukicheza juu ya katoni huku tukila. Na wewe, mjinga wangu, kila mchana ulikuwa unamkumbatia ndege hadi mwisho. Tulikuwa tukikucheka. Tulikuambia, mtupe huyo ndege atakuzika, ukasema, "Atakuja tu mwenzake, ngojeni." Hakuwa anakuja. Ulikuwa mchezaji mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona.

Basi nikajiuliza: ndege wako wanne tu kwenye mchezo mzima. Yeye anaye mmoja. Anapokwenda kuiba ukutani anaiba mmoja wa wale watatu waliobaki. Je, kama wote watatu nimewashika mimi? Mwizi aingie nyumba tupu aibe nini?

Kuanzia siku hiyo sikucheza kushinda. Nilicheza kukusanya ndege. Nilivunja mikono mizuri ya vigae, nilitupa vigae ambavyo Bwana Kusuda angeviona angezimia. Nilifungwa na kufungwa. Leo asubuhi wawili walikuwa mkononi tangu mwanzo, wa tatu akaja zamu ya nne. Zamu ya tano akanyoosha mkono wake ukutani. Nikauona unasita, Itsu. Kioo kilisimama, labda kitambo cha kumeza mate. Kisha akachukua kigae chochote, akakitupa. Zamu ya sita hivyo hivyo. Alikuwa hana pa kwenda. Nami ndege wangu watatu wamekaa pamoja kama ndugu, nikaujenga mkono pembeni yao polepole, na zamu ya kumi na moja nikaulaza.

Ikaja picha.

Nikuambie ukweli wote. Kifua si changu. Cha kwangu hakijawahi kusimama vile hata nilipokuwa na miaka ishirini, sijui ulimwazima nani. Pua umenipunguzia, asante. Mabega ni yangu. Kicheko ni changu kabisa, hadi lile jino. Halafu nikasogeza lenzi chini, na mbele yake mezani nikaona vigae vimelazwa. Vidogo kama punje za ufuta. Nikavihesabu kimoja kimoja: ni mkono ule ule. Mkono wa Kinosaki, ule wa tatu niliomfunga nao Tokunaga. Kumi na vinne vyote, hukukosea hata kimoja.

Nililia, sitakuficha. Nililia kisha nikacheka peke yangu mpaka wa duka la tofu akagonga dari kwa fimbo ya ufagio.

Ulisema ulinichora nivuliwe. Sicho nilichokiona. Nimeona mwanamke aliyeshinda na ushahidi wake uko mezani. Mwanamume yeyote ambaye angefika pale angekuta ameketi mbele ya mtu aliyemfunga bosi. Na jambo jingine ulilolificha hata wewe mwenyewe: uso ni wangu, lakini mkono unaocheza ni wako. Uliniweka mbele, ukakaa nyuma yangu na ndege wako, ukanilinda. Vibaya, bila kuniuliza, lakini ulinilinda. Kinyongo changu hakina tena pa kukaa.

Yule wa Nagoya sasa niachie mimi.

Dada yako,
Fumiyo


Amagasaki, 18 Julai 2023

Bwana Nishiwaki,

Kwa joto hili natumaini lifti zako hazijakwama na watu ndani.

Mimi ndiye mwanamke wa bahasha. Naitwa Hamaguchi Fumiyo, nina miaka sitini na minane. Jana asubuhi nilimshinda bibi wa tatu kwa vidole vyangu, kwa njia halali, na picha nimeiona. Ipo. Namwonea fahari aliyeichora na sina haya na aliyechorwa.

Nakupa masharti, nami si mtu wa kurudia. Ile ya kamera iliibwa: sikuulizwa ilipopigwa wala ilipowekwa kwenye bahasha. Nirudishie. Kuhusu ile ya gemu, wewe umesubiri miaka thelathini na miwili kumwona bibi wa tatu, na mimi sipendi mtu asubiri bure. Njoo kilabuni kwangu Jumamosi yoyote. Utaketi mbele yangu, mchezo mmoja, wazee wetu wawili watajaza meza. Ukinishinda, utaiona na utaichapa ukubwa wa ukurasa mzima. Nikikushinda, kitabu chako kitakuwa na ukurasa mweupe na chini yake utaandika nitakachokuambia.

Rafiki yako wa Sapporo mwambie hivi. Anaweza kuikunjua, najua. Akiikunjua na kuitoa, aandike chini yake jina langu kamili, umri wangu na anwani ya kilabu, na aandike kwamba alishindwa kuishinda mezani akapitia dirishani. Mimi sitajificha. Tutaona nani atakayeona haya.

Leta viatu vinavyovulika upesi, ngazi zetu ni nyembamba.

Hamaguchi Fumiyo


Nagoya, 25 Septemba 2023

Kwa Bibi Murakoshi,

Upepo umegeuka, hatimaye mtu anaweza kulala. Nakuandikia kwa sababu Bibi Hamaguchi ameniamuru, akasema nisipokueleza mwenyewe atakueleza yeye na itakuwa vibaya zaidi.

Nilikwenda Jumamosi. Nilipanda ngazi na kaseti yangu mfukoni, bahasha mkononi. Niliinama, nikaitoa bahasha kwa mikono miwili, nikaomba radhi. Aliitazama picha kidogo tu, akaniambia, "Nilikuwa mzuri, eh?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, keti."

Bibi Murakoshi, mimi si mchezaji mbaya. Nimecheza tangu shule. Kwenye meza kulikuwa na mzee anayekohoa na mama anayesimulia wajukuu, na mbele yangu uso ambao nimecheza nao maisha yangu yote, umezeeka, unanitazama. Raundi ya pili nilijikuta nimebakiza kigae kimoja tu nishinde, nikatangaza kwa sauti kama kanuni inavyotaka. Nilikuwa nangojea ndege.

Bibi Hamaguchi ndiye aliyewashika. Alikuwa nao watatu. Alinitazama hadi vigae vikaisha ukutani, akavilaza kimoja kimoja mbele yangu, tak, tak, tak, na chumba kizima cha wazee kikapiga makofi. Baadaye nikafungwa kwa alama ambazo sitaziandika hapa.

Alinipa chai. Nilimwuliza kama ni kweli alimshinda bibi uliyemwandika kwa njia hiyo hiyo. Akasema ndiyo, akanifundisha. Kaseti yangu ilikuwa mfukoni. Naweza sasa kuketi nyumbani, kukusanya ndege na kuiona picha kwa mkono wangu. Nimeandika barua hii badala ya kufanya hivyo. Yule wa Sapporo nilimsomea barua ya Bibi Hamaguchi kwa simu. Akasema ana kazi nyingine za kufanya.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili utakuwa mweupe. Chini yake amenipa maneno haya, nami nitayachapa yalivyo:

"Bibi wa tatu. Mchoraji: Murakoshi Itsuko. Uso: Hamaguchi Fumiyo, aliyemfunga mwajiri wake mara tatu. Picha ipo Amagasaki, juu ya duka la tofu. Anayetaka kuiona apande ngazi."

Naomba radhi kwa kukuita mwanamume miaka yote ile.

Nishiwaki Motohiko


Kadi ya Mwaka Mpya, picha ya joka, imechapwa. Maneno ya mkono yamezunguka joka hadi mkiani

Amagasaki, 1 Januari 2024

Itsu,

Heri ya mwaka. Mwaka huu wino nimenunua wa kutosha.

Tangu kitabu kitoke wamepanda ngazi kumi na mmoja. Mmoja profesa. Mmoja alikuwa mzee wa Hiroshima. Sikumwuliza kama ndiye aliyelia kwenye simu, lakini nilimpa chai mara mbili. Nishiwaki amekuja mara nne na anafungwa vizuri zaidi kila mara. Wote nimewateremsha mikono mitupu. Mashine iko kabatini pamoja na vikombe, betri mpya, mlango haufungwi kwa ufunguo na hakuna aliyegusa.

Mtu mmoja tu duniani ameniona bila kunishinda mezani, na huyo ni wewe. Hiyo ni hila, nami hila siziachi zipite kilabuni kwangu. Mama Orito anakwenda kwa wajukuu Februari nzima, kiti cha nne kitakuwa kitupu. Panda treni.

Ndege usimlete. Tangu zamani ninao watatu.

Dada yako, aliye na uso wake,
Fumiyo